Mafuta ya Mzazi

Panya aliyetakiwa kujitenga alikwenda moja kwa moja kumnusa mgeni. Tejas alirudisha video nyuma, akaitazama tena, akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta kana kwamba panya yule angemwona akaona haya. Wapi. Panya alitoka chumba cha katikati cha sanduku lake, akapita kijimlango, akasimama kwa miguu ya nyuma mbele ya kitundu cha waya alimofungiwa panya mgeni, akatikisa masharubu, akanusa, akazunguka, akanusa tena. Chumba cha upande wa pili, chenye kitundu kitupu, hakukitia hata pua.

"Mama Lemayian, hebu njoo uone mambo," Tejas aliita.

Naipanoi alikuwa mlangoni na mfuko wa maranda begani. Aliutua, akaja kusimama nyuma ya kiti. Alitazama mara moja tu. Hofu ilikuwepo, hatukatai, lakini ilichelewa kidogo. Iliyotangulia ilikuwa furaha, tena furaha ya kitoto kabisa, ya kutaka kumshika mtu mkono akimbie naye.

"Huyu ni mrithi?" aliuliza.

"Mimi nitajuaje, na siruhusiwi kujua? Ila nakwambia, kundi hili, ukiacha wawili, sijaona panya aliyenuna. Wengine wote wanasalimia. Ama Daktari kaniletea karibu wote wa aina moja, ama kuna kitu."

Kulikuwa na kitu, na Naipanoi alikijua.

Tueleze kwanza panya hawa walikuwa wa nini, maana bila hivyo msomaji atadhani watu wazima wenye vyeti vyao walikuwa wakilipwa pale Tengeru kutazama panya wakipeana hali. Maabara ilikuwa ya Daktari Sneha, mtoto wa Arusha mjini hasa, ambaye babu yake aliuza vitambaa karibu na soko na ambaye yeye mwenyewe, akikasirika, Kiswahili chake kilikuwa cha wapiga debe. Alikuwa amesoma nje miaka mingi, akarudi na swali moja kichwani na panya wadogo weusi ndani ya maboksi. Swali lilikuwa hili: seli za ubongo unaokua zinaambianaje pa kwenda?

Jibu lake, au sehemu ya jibu, lilikuwa mafuta. Sio ya kukaangia. Ni vipande vidogo mno vinavyokatwa kwenye ngozi ya seli yenyewe na kutumwa kwa jirani kumwambia sogea, simama, shikana na huyu, mwache yule. Ili kukata vipande hivyo seli ina mkasi wake, na mkasi huo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni moja. Panya wa Sneha walikuwa na hitilafu kwenye jeni hiyo. Katika kila uzao, karibu nusu ya watoto waliirithi hitilafu na nusu hawakuirithi, ndiyo maana maabara ikawaita wa kwanza warithi na wa pili wenzao, basi. Wenzao walikuwa panya wa kawaida, wambeya, kila mgeni lazima wamnuse. Warithi walimpita mgeni kama ukuta. Ukiwatandikia maranda na kuwapangia gololi juu yake, walizifukia, wakazifukua, wakazifukia tena, hata chakula wakakisahau. Ubongo wao ulipokuwa ukikua, ujumbe ulikuwa haba. Sneha aliliona jambo hilo likijirudia kwa miaka miwili bila kukosea, mpaka kundi hili, ambalo Tejas alilipima bila kuambiwa nani ni mrithi.

Naipanoi ndiye aliyewatunza. Alikuwa afisa mifugo, amesomea ng'ombe na mbuzi hapo hapo Tengeru, na alipochukua kazi hii wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakampa jina la mchungaji wa panya. Hakujali. Aliwatoboa panya masikio kwa mpangilio, kila mmoja na alama yake, kama baba yake alivyowakata ng'ombe masikio huko kwao, na hakuwahi kumkosea hata mmoja. Sababu yake ya kuomba kazi ile hakumwambia kila mtu. Mwanawe Lemayian, wa miaka saba, alikuwa na usonji.

Lemayian aliongea maneno machache, na aliyapenda maji yanayopita mferejini kuliko sura ya mtu yeyote. Alipanga kokwa za parachichi ukutani kutoka mlango hadi dirisha, na ukisogeza moja ulikuwa umemtukana. Naipanoi alimpenda kwa namna ambayo wakati mwingine ilimchosha mwili. Walimu wa kitengo chake cha mahitaji maalumu walikuwa wema, baba yake Ezra alikuwa mvumilivu, na mambo yangekwenda tu, kama si mama yake Ezra.

Mama mkwe huyu alikaa Olkokola, upande wa magharibi wa mlima Meru. Siku Lemayian alipozaliwa, hospitali ya mjini, aliteremka na chupa ya mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa, dume lililochinjwa kwa ajili hiyo na si jingine. Kwa Waarusha mzazi hupewa mafuta. Humponya tumbo, huleta maziwa, humtia mtoto nguvu. Naipanoi alikuwa ametoka chuo juzi tu, bado cheti kinanukia wino. Alinusa chupa ile, kichefuchefu kikampanda, akasema kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba yeye atakunywa mtori na supu ya kuku, inatosha. Mama mkwe alifunga kizibo. Hakusema kitu siku ile. Alianza kusema miaka mitatu baadaye, mtoto alipokuwa haitiki akiitwa, na tangu hapo hakunyamaza.

"Alikataa mafuta," alikuwa akimwambia kila jirani. "Mtoto alinyonya maji."

Naipanoi alikuwa na elimu ya kutosha kujua kwamba maneno hayo hayana ushahidi. Hakuwa na elimu ya kutosha kuyazuia yasimwingie. Yalikuwa yameingia, yakakaa.

Sasa turudi nyuma hadi Julai, kabla ya video ile. Baridi ya Meru ilishuka na manyunyu, umeme ukawa wa kubahatisha, hita ya chumba cha panya ikabaki pambo. Panya mama akipata baridi na hofu huwala watoto wake. Wa kwanza aliwala, wa pili akafuata. Naipanoi alipofungua kizimba cha tatu alimkuta mama amekonda, anatetemeka juu ya vitoto vyekundu visivyo na unyoya, na mkono ukafanya kazi kabla ya akili. Kwenye mkoba wake kulikuwa na kichupa cha mafuta ya kondoo. Mama mkwe alikuwa ameanza kumpelekea Lemayian mafuta hayo, kwa kuamini kuchelewa si kukosa kabisa, na mtu wa Olkokola alikuwa amemkabidhi asubuhi hiyo sokoni. Alichovya kidole, akapaka kwenye tembe ya chakula, akaiweka kizimbani. Panya akailamba, akatulia, akawafunika wanawe.

Kesho yake akafanya tena. Hakuwapa wote, maana kichupa kilikuwa kidogo, aliwapa waliokonda. Na hakumwambia mtu. Angesemaje? Kwamba afisa mifugo mzima ameshindwa kumwangalia mzazi anayetetemeka bila kumpa kile alichokikataa yeye?

Hao ndio waliozaa panya wa video ya Tejas.

Daktari Sneha alipofika alitazama video moja, ya pili, ya tatu, na hakukaa.

"Masikio yamechanganywa," alisema.

"Sijachanganya masikio, Daktari."

"Mama Lemayian, si kwa ubaya. Kila mtu hukosea."

"Kwenye hilo sikosei," Naipanoi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane sauti yake ilikuwa kavu. Unaweza kumwambia Mwarusha mambo mengi akavumilia, lakini usimwambie amesahau alama ya sikio la mnyama wake. "Kata vipande vipya. Pima upya wote. Mimi nitakushikia."

Wakawakata vipande vipya vya masikio, vidogo kuliko punje ya ulezi, wakavipeleka kwenye mashine ya kupima vinasaba. Majibu yalitoka kesho yake. Kila mrithi alikuwa mrithi, kila mwenzake alikuwa mwenzake, na warithi wengi wa Julai walikuwa wanasalimia wageni kana kwamba wamezaliwa ukoo mwingine. Sneha aliegemea meza, akafunika uso kwa viganja. Miaka miwili ya kazi ilikuwa inamponyoka na hakujua inaponyokea wapi.

Naipanoi alipiga moyo konde.

"Daktari, mama zao wale niliwapa mafuta."

Sneha aliondoa viganja. "Mafuta gani?"

"Ya kondoo. Walikuwa wamezaa, na ile baridi."

"Uliwapa panya wangu mafuta ya kondoo."

"Wazazi tu."

Hapo Sneha alisema maneno mengi, na yale ya wapiga debe tutayaacha. Alisema chakula cha panya wale kinaletwa kwa ndege ili kila tembe ifanane na mwenzake, halafu mtu anakuja kupaka mafuta kama anapaka mkate. Alisema makaratasi yote yamechafuka. Alisema angekuwa mtu mwingine angekuwa ameshakula kona. Naipanoi alisimama wima, akipokea, akijua kitumbua chake kimeingia mchanga na ni yeye aliyekiangusha. Tejas alijifanya anatafuta waya chini ya meza.

Kisha Sneha alinyamaza katikati ya sentensi. Macho yake yaliganda kwenye ukuta mweupe usio na kitu.

"Walikuwa wananyonyesha," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Na ubongo wa panya bado unajijenga wakati ananyonya. Mama amelamba mafuta, mafuta yameingia kwenye maziwa." Alichukua kalamu, akaanza kuchora moja kwa moja ukutani, mishale na viduara, bila hata kutafuta ubao. "Mkasi wao ni mbovu, si umekufa. Ukiwapa malighafi nyingi zaidi, hata mkasi mbovu utakata vya kutosha. Labda. Tejas, toka huko chini. Nani hakupewa?"

"Walionenepa," Naipanoi alisema. "Wawili."

"Watoto wao warithi?"

Tejas alikuwa ameshafika kwenye kompyuta. "Wamenuna," alisema. "Hawa wawili niliowaandika kwamba wamefukia gololi zote. Ni wao."

Walitazamana watatu. Sneha alicheka, kicheko kifupi kilichotoka bila ruhusa. "Nyumbani kwetu sasa hivi mke wa kaka yangu, Priya, amejifungua. Bibi anamshindilia samli mpaka anakimbilia bafuni. Ladu tamu za samli, uji wa samli. Mimi nikamwambia bibi aache ushamba." Akajipiga paji la uso, akaacha doa la wino. "Sikilizeni, hii inaweza kuwa si kitu. Inaweza kuwa baridi. Inaweza kuwa Mama Lemayian aliwashika sana wale waliokonda. Panya wachache hawathibitishi jambo. Lakini tunarudia. Tunarudia vizuri, kwa bahati nasibu, na Tejas hajui lolote. Na wewe," akamgeukia Naipanoi, "safari hii utanisaidia kwa ruhusa."

Mtu aliyekuwa karibu kufukuzwa alitoka pale akitembea kama kiatu hakigusi lami. Kitu kikubwa kilikuwa kimetokea na kilikuwa kimetoka kwenye kidole chake. Alinunua ndizi sokoni bila kuuliza bei. Alikuwa nusu ya njia ya nyumbani aliposimama ghafla, mama mmoja wa nyuma akamgonga na kapu.

Kama mafuta ndiyo yaliyowageuza wale panya, basi mama mkwe alisema kweli.

Hakuwa ameliona hilo hadi dakika ile. Jaribio likishindwa, Sneha angepoteza na yeye angebaki na aibu ya kuharibu kazi ya watu. Jaribio likifanikiwa, angekuwa amepima mwenyewe, kwa mikono yake, kosa lake mwenyewe. Mtoto alinyonya maji. Alifika nyumbani, akamkuta Lemayian amechuchumaa mferejini, mkono umo majini, anacheka peke yake. Alikaa kando yake bila kumgusa. Alitaka jaribio lile lifanikiwe kuliko kitu kingine chochote, na aliliogopa kwa kiasi kile kile.

Mafuta yalikuwa yamekwisha, na Sneha alitaka yale yale, si ya buchani. Ikabidi waende Olkokola. Sneha aliendesha mwenyewe, kijigari chake kikilalamika kwenye vumbi la kupanda, Naipanoi pembeni akimwonyesha njia tangu Ngaramtoni. Mama mkwe aliwapokea uani. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyenyooka, mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Shikamoo, yeyo," Naipanoi alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba. Mjukuu wangu hajambo naye?"

"Hajambo. Huyu ndiye Daktari Sneha, bosi wangu. Tumekuja kuomba mafuta."

Sneha naye aliamkia, akaeleza kwa heshima zote kwamba kuna panya, na panya hao wana shida fulani, na mama zao walipolambishwa mafuta yale watoto walionekana kubadilika, lakini bado hawana hakika. Alisema "bado hatuna hakika" mara nyingi kabisa. Mama mkwe hakusikia hata moja. Alikuwa amesikia ya kwanza, akaishika.

"Kwa hiyo wasomi nao wameona," alisema, akimtazama mkwewe. "Mimi nilisema, nikaitwa mshamba. Nilibeba chupa toka huku mpaka mjini na mgongo wangu huu. Huyu akafunga pua."

"Mama, panya si watu," Sneha alisema.

"Mzazi ni mzazi."

Akaingia ndani, akatoka na chupa, akamkabidhi Sneha, akampita Naipanoi.  Wakirudi, walipofika barabara ya lami, Sneha aliuliza taratibu kama ni kweli, ile ya chupa. Naipanoi alisema ni kweli, akageuka kutazama dirishani.

Jaribio likaanza. Hita ilikuwa imetengenezwa, jenereta dogo limenunuliwa, kila panya mama na joto lake. Kila mama alipojifungua, Sneha alirusha sarafu: upande mmoja mafuta, upande mwingine tembe iliyolowekwa maji tu. Kugawa kulikuwa kwa Naipanoi, na kunyima kukawa kwake pia. Hilo hakulitegemea. Kumpa huyu lilikuwa jambo rahisi, hata tamu. Lakini kusimama juu ya kizimba cha mzazi mwingine, amelala ubavu, wanawe wamemng'ang'ania, anainua pua kunusa harufu inayotoka kwa jirani, na wewe unamwekea maji, kulikuwa kazi nyingine kabisa. Kuna siku alifika mlangoni na kidole kimeshachovywa kwenye mafuta. Akakitazama kidole, akakifuta kwenye koti jeupe, akarudi na maji. Alikuwa ameahidi, na safari hii alitaka kujua kweli kuliko alivyotaka kuwa mwema.

Wiki zikapita. Vitoto viliota manyoya, vikafumbua macho, vikaachishwa, vikatobolewa masikio. Tejas alifungiwa chumbani kwake na sanduku la vyumba vitatu, hajui nani mtoto wa nani. Alikuwa akitoka jioni macho mekundu, anaulizwa vipi, anasema, "Wapo wanaosalimia, wapo walionuna. Msiniulize zaidi." Sneha aliacha kula mchana. Mtu angefikiri wanasubiri matokeo ya darasa la saba.

Siku ya kuunganisha majibu, Sneha aliketi mbele ya kompyuta, Tejas kulia, Naipanoi kushoto. Takwimu za Tejas zilikuwa upande mmoja, masikio na mama upande mwingine. Sneha alibonyeza, kufumba na kufumbua nguzo nne za rangi zikasimama kwenye kioo.

Warithi ambao mama zao hawakupata mafuta walikuwa chini kabisa, wamemkwepa mgeni kama miaka yote. Warithi wa mama wenye mafuta walikuwa juu. Hawakuwafikia wenzao sawasawa, lakini juu, juu kiasi cha kuonekana kutoka mlangoni bila miwani.

"Hesabu tena," Sneha alisema. Tejas akahesabu tena. Zikabaki pale pale.

Sneha aliinuka, kiti kikaanguka. Alimkumbatia Tejas, akamkumbatia Naipanoi, akatoka korido, akarudi, akasema hajui alitoka kufanya nini. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Tejas alipiga meza kwa viganja viwili mpaka vikombe vikaruka. Ilikuwa kweli. Kitu kidogo cha ndani kabisa ya ubongo kilikuwa kimepungua, wakakiongezea kwa njia ya maziwa, na tabia ikasogea. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amekiona walichokuwa wanakiona wao watatu kwenye kioo kimoja chenye vumbi.

Naipanoi naye alicheka. Alicheka kweli, furaha ilimpanda hadi utosini. Halafu aliokota kiti cha Sneha kilichoanguka, akakikalia.

"Daktari," alisema. "Kwa hiyo ni mimi."

Tejas aliacha kupiga meza. Alijua hilo ni jambo la kuwaachia wawili hao, akasema anakwenda kuleta chai.

"Wewe nini?" Sneha aliuliza, ingawa alijua.

"Niliyakataa. Aliniletea hadi kitandani, nikayakataa. Hapa si panaonyesha? Waliopata na wasiopata."

Sneha alivuta kiti kingine. Angeweza kusema panya si watu, lakini alishasema hilo Olkokola na halikusaidia kitu. Aligeuza kioo cha kompyuta kumwelekea.

"Sijui kwa nini Lemayian yuko alivyo," alisema. "Hakuna anayejua, na usonji una njia nyingi, si hii moja. Lakini nisikuhubirie. Wewe unawajua panya hawa kuliko mimi. Nisomee nguzo zote nne, si mbili."

Naipanoi alisoma. Warithi wenye mafuta. Warithi wasio na mafuta. Wenzao wenye mafuta. Akafika ya nne, ile ambayo hakuna aliyeitazama kwa sababu hakuna ajabu ndani yake. Wenzao wasio na mafuta. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Ilikuwa sawasawa na ya tatu.

"Hawa," alisema, akagusa kioo, "mama zao niliwapa maji."

"Ndiyo."

"Maji matupu. Na watoto wanasalimia kama kawaida."

"Ndiyo."

Alisogeza kiti mbele. Akaanza kuwatafuta kwa masikio, mmoja mmoja, kwenye orodha ya upande. Huyu na huyu, uzao mmoja, tumbo moja, titi moja, siku moja. Mama yao alinyimwa kabisa; alimnyima yeye mwenyewe. Mmoja amenuna na mwingine anamnusa kila mgeni. Maziwa yalikuwa yale yale. Kama kunyimwa ndiko kulikovunja, kungewavunja wote wawili. Hakukuvunja mtu. Mafuta yaliwasaidia wale waliozaliwa na upungufu. Kukosekana kwake hakukumletea upungufu mtoto yeyote.

Alirudia uzao mwingine, na mwingine. Alirudia hadi mwisho wa orodha, na Sneha hakumharakisha.

Kisha alichukua simu, akatoka nje kwenye ukuta wenye jua, akapiga Olkokola. Hakupanga maneno. Aliamkia, akaulizwa mjukuu, akasema mjukuu hajambo, kisha akasema kwamba majibu yametoka. "Mafuta yana faida, yeyo. Kwa panya, na kwa wale wenye shida. Wewe na kina bibi mlijua kumtunza mzazi, na mimi sikupaswa kukufungia pua. Hilo naomba radhi."

Upande wa pili mama mkwe aliguna kwa kuridhika.

"Lakini kuna wengine," Naipanoi aliendelea, na sauti yake haikutetemeka. "Mama zao hawakupewa hata tone. Nilinyima kwa mkono wangu. Watoto wamezaliwa pacha, wamenyonya pamoja, mmoja yuko na shida na mwingine hana. Wengi hivyo. Nimewahesabu wote. Kukosa mafuta hakukumharibu hata mmoja, yeyo. Panya si watu, lakini lile ulilokuwa unanihukumu nalo nimelipima, na halipo."

 Ilisikika kengele ya mbuzi huko juu, na pumzi ya mwanamke mzee.

"Tumbo moja?" mama mkwe aliuliza.

"Tumbo moja."

 Mama mkwe aliposema tena, sauti ilikuwa imepungua, na ndani yake Naipanoi alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa mwanamke yule, uchovu wa mtu aliyelala na swali miaka mingi na kulitupia kwa wa karibu.

"Basi nani alikosea?"

Naipanoi alizoea kujitaja yeye. "Hakuna, yeyo," alisema. "Hata mimi."